Buluu ya nani? Michoro yetu ya maji hapa Uvira

Hapa Uvira mtu akikuambia "nimetoka kuchota maji" bado hajakuambia kitu. Kuna maji ya bomba, kuna ya mto, kuna ya ziwa Tanganyika, na kuna ya ziwa yanayotiwa klorini pale pale ufukweni na wahamasishaji wa afya. Kipindupindu si mgeni kwetu. Tofauti ya ndoo moja na nyingine inaweza kuwa tofauti ya mtoto kulala nyumbani ama kulala na serumu mkononi.

Ndiyo sababu vijana wa kikundi chetu walianza kuchora. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, pale mto Mulongwe ulipobeba nyumba za watu, wakaaji wengi walihama, na kila mtu alikuwa anauliza majirani wapya wapi pa kuchota. Tuko sita, kompyuta ni tatu. Tunatumia draw.io, ile ya kuweka ndani ya kompyuta, sababu haiombi pesa na inafanya kazi bila intaneti. Kila mmoja ana kartie yake ya kuchora: njia kubwa, mito, mabomba ya umma, mahali pa klorini, mahali pa kuepuka. Mimi kazi yangu ni habari, lakini ni mimi ninayepeleka karatasi kwenye fotokopi na kuzibandika, kwa hiyo michoro yote inapita mikononi mwangu.

Siku moja nilibandika mbili kwenye ukuta mmoja wa kituo cha afya, moja ya Kimanga na moja ya Kalundu. Mama mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akaniita: "Mwanangu, hapa kwenye buluu ndiyo tunakunywa ama ndiyo tunaacha?" Nikaangalia vizuri. Kwenye karatasi ya Kimanga, duara la buluu lilikuwa bomba lenye maji safi. Kwenye ile ya Kalundu, buluu ilikuwa ufuko, yaani maji ya ziwa yasiyotiwa kitu. Nilizitoa zote mbili.

Wachoraji wote wawili walikuwa na sababu. Wa Kalundu alisema kila mtoto wa Uvira akichora ziwa analipaka buluu. Wa Kimanga alisema tangi la maji safi nalo ni buluu. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, unampa kila mmoja haki. Lakini mgonjwa hasomi sababu, anasoma ukuta.

Hapo ndipo nilianza kujifunza jinsi programu hii inavyotunza rangi. Unaweza kuchagua umbo moja na kuiambia programu: kuanzia sasa maumbo yangu yote yatoke hivi, rangi hii, mstari huu, maandishi haya. Ni msaada mkubwa, ila amri hiyo inabaki kwenye kompyuta uliyoitoa. Mwenzako hapati habari. Yeye naye ametoa amri yake nyumbani kwake. Watu sita walidhani wana mtindo mmoja, kumbe kila mmoja alikuwa na wake.

Tulichofanya ni kutengeneza maktaba ya maumbo. Programu inakubali ukusanye maumbo yako uliyokwisha kupaka rangi, uyahifadhi kama faili moja ndogo, halafu mwenzako anaifungua kwake na kuyavuta tu kwenye mchoro wake. Faili inasafiri kwa flashi ama kwa WhatsApp. Hatuna haja ya kukumbuka rangi tena, tunavuta umbo la bomba, basi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukibadilisha maktaba, michoro ya zamani haibadiliki. Kila umbo lililokwisha kuwekwa kwenye karatasi linabeba mtindo wake lenyewe, kama mtu aliyehama na nguo zake. Itabidi urudi kunakili mtindo mpya na kuubandika juu ya maumbo ya zamani. Kijana mmoja wetu alitaka njia fupi: alifungua faili kama maandishi na kubadilisha alama ya rangi moja kwa nyingine mahali pote. Maduara yalibadilika vizuri. Mito nayo ilibadilika, sababu ilikuwa na rangi ileile. Tulicheka, halafu tukarudia kazi. Kwenye LibreOffice Draw mambo ni tofauti kidogo, unaupa mtindo jina, na ukiubadilisha, kila umbo la mchoro huo lenye jina hilo linafuata. Tulifikiri kuhamia huko, lakini michoro ilikuwa imekwisha kuwa mingi.

Basi tulikubaliana faili ya maktaba iwe na mtunzaji mmoja. Binti mmoja wa Mulongwe ndiye aliyechaguliwa, na bila ruhusa yake hakuna anayegusa rangi, hata mimi niliye mkubwa kwake kwa miaka. Kila karatasi inabeba pembeni tarehe ya maktaba iliyotumika.

Kitu cha mwisho kilitoka kwenye fotokopi. Fotokopi ya rangi ni ghali, kwa hiyo karatasi nyingi zinatoka nyeusi na nyeupe, na hapo nyekundu na kijani zinakuwa kijivu kilekile. Tumebishana jioni nzima juu ya rangi ambazo mashine inazila! Sasa bomba safi ni duara, klorini ni duara lenye msalaba ndani, na mahali pa kuepuka ni pembetatu yenye mstari mnene, na jina linaandikwa kando. Rangi imebaki kama pambo.

Bado kuna tatizo moja. Kuna shirika linalofanya kazi katika mitaa hiyohiyo na linabandika michoro yake, na huko pembetatu ni bomba lao, sababu pembetatu iko kwenye nembo yao. Nilimpelekea wakala wao faili yetu na kumweleza. Alinijibu kwa upole kwamba mambo ya nembo yanaamuliwa mbali na hapa. Sikubaliani naye, na nimemwambia: nembo ikae juu ya karatasi, ndani ya mchoro tuzungumze lugha moja. Ameahidi kuuliza.

Jumamosi tunabadilisha karatasi za Kalundu na Kasenga. Ukiona mchoro wetu wa zamani, usio na tarehe pembeni, tafadhali mwambie shefu wa kartie autoe.