Kamera Ndogo

Mtu akipenda mpira, au bao, au kufuga njiwa, haulizwi sababu. Akisema kwamba anapenda kamera za zamani zilizo ndogo kuliko kiganja cha mkono, zitumiazo mkanda usiouzwa tena katika mji wake, wasikilizaji humtazama kwa muda, kisha humwuliza anampeleleza nani. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi wangu, na majirani zangu wa Chekereni, na ofisa mmoja wa forodha aliyekuwa na haki ya kuuliza kuliko wote. Mara nyingi nimelijibu kwa kicheko. Leo nataka kulijibu kwa kalamu, maana jibu lake lina mambo mawili matatu yasiyofaa kuchekewa.

Kwanza yafaa msomaji ajue udogo ninaousema. Katika kamera ya kawaida ya mkanda, ile iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa mpiga picha wa harusi, picha moja hukaa katika nafasi ya milimita 24 kwa 36. Katika Minolta-16, iliyotoka Japani mwaka 1957, picha hupewa milimita 10 kwa 14. Katika Minox hupewa milimita 8 kwa 11 tu, yaani kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Mimi ninazo kamera tatu za namna hii: Minolta-16 yenyewe, Minox B, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1958, na Kiev-Vega, iliyoundwa katika mji wa Kiev zama za Usovieti kwa kuifuata Minolta hatua kwa hatua, kama mtoto aigavyo mwendo wa babu yake pamoja na kuchechemea kwake. Wajuzi wataniambia kwamba ziko nyingine bora zaidi. Najua, lakini mshahara wa mwalimu una mipaka, na meza yangu pia.

Sifa ya upelelezi ilitokana na Minox. Aliyeibuni alikuwa Walter Zapp, mzaliwa wa Riga wa mwaka 1905, aliyefanya kazi yake ya ubunifu Tallinn katika nchi ya Estonia. Alianza kwa kuchonga kipande cha mti mpaka kikakaa vyema ndani ya ngumi; ndipo alipofikiri vyombo vitakavyoingia ndani yake. Kiwanda cha VEF cha Riga kiliiunda kamera hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1930, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaendelea kuundwa Ujerumani Magharibi. Zapp hakukusudia kuwapa wapelelezi silaha. Alitaka kamera ambayo mtu hatakuwa na udhuru wa kuiacha nyumbani. Lakini kitu kinachofichika hutafutwa na mwenye la kuficha, na katika miaka ya Vita Baridi Minox ikawa rafiki wa wapelelezi wa pande zote. Inao mnyororo mwembamba wenye vifundo. Mnyororo ukinyoshwa mpaka kifundo fulani kikagusa karatasi, mpigaji anajua umbali ni sentimita ngapi pasipo kukisia. Kwa mnyororo wa namna hiyo zilinakiliwa nyaraka za serikali. Mimi naupimia maua ya mpunga. Maua hayo hufunguka asubuhi, jua likianza kupata nguvu, na kila ua hufumba tena baada ya muda upatao saa moja. Mkulima mwenyewe aghalabu hayaoni, kwa kuwa saa hizo ameinama juu ya magugu. Kwa umbali wa sentimita 20 Minox huyaona.

Ama kuhusu watu, desturi yangu ni kuitoa kamera mfukoni mbele ya macho yao, kuiweka kiganjani, na kueleza ni kitu gani. Lugha yetu husema kupiga picha kama isemavyo kupiga hodi, na kwa maoni yangu vitendo hivyo viwili vilipaswa kufuatana daima. Simu za leo zimevitenganisha. Mtu hupigwa picha msibani, hupigwa akiwa amelala hospitali, hupigwa tonge likiwa kinywani, na hodi haikupigwa. Ajabu ni kwamba chombo chenye jina baya la upelelezi ndicho kinachonifanya nizungumze na mtu robo saa kabla ya kumpiga picha moja. Kwa kweli sehemu ya robo saa hiyo hupotea katika ubishi, maana wazee wengi wa Chekereni hawakubali kuwa hiyo ni kamera. Mmoja alidhani ni kiberiti cha gesi, akaniomba nimwashie sigara.

Iko pia raha ya mkono, ambayo ni vigumu kumweleza asiyeionja. Minolta huvutwa na kusukumwa kama kiberiti cha njiti. Kwa kwenda na kurudi huko mkanda umesogea hatua moja na kilango cha mwanga kimetegwa. Mkanda wake hutoa picha 20. Haina kipimo cha mwanga, na umbali wake wa kuona vizuri umekazwa kiwandani, hata mpigaji hana la kufanya ila kusogea mbele au nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Minox B ina kipimo kisichotaka betri, kinachoamshwa na mwanga wenyewe. Cha kwangu bado kinafanya kazi, ingawa kwa uvivu wa mlinzi mzee.

Mkanda ndio tabu, na tabu hiyo ndiyo nusu ya mapenzi yangu. Hununua mkanda wa kawaida wa milimita 35 kwa mkono wa jamaa wasafirio, kisha huupasua gizani. Nimejitengenezea kijisanduku cha mbao chenye nyembe mbili zilizoachana kwa milimita 16. Mikono huingia ndani ya mfuko mweusi, mkanda huvutwa juu ya nyembe, na vidole huongozwa na kumbukumbu tu. Baina ya matundu ya kando hii na kando hii ya mkanda wa kawaida pana nafasi ya milimita 25 hivi. Humo hutoka utepe mmoja wa Minolta, au tepe mbili za Minox zenye upana wa milimita 9 na kidogo. Utepe ukipinda, umeharibika, na mtu hajui mpaka siku ya kusafisha.

Kusafisha, nasema, kwa sababu ndilo neno la mafundi wetu wa studio. Kamusi zina maneno mengine yaliyovaa tai. Mimi nalipenda hili, maana watu waliolichagua waliona kwamba picha imo tayari ndani ya mkanda, ila imefunikwa, na kazi ya fundi ni kuiondolea kinachoifunika. Dawa ya kwanza hutaka maji ya nyuzi 20 za joto. Chekereni iko katika tambarare ya chini ya mji wa Moshi, na ijapokuwa mlima wenye barafu huonekana kutoka uani kwetu, mwezi wa Februari maji ya bomba hutoka kama yameandaliwa kwa chai. Basi nategemea mtungi wa mama yangu, ambao hukaa kivulini umezungushiwa gunia lililoloweshwa. Dawa ya nyingine ni ile inayoizuia picha isiendelee kubadilika ikikutana na mwanga. Mafundi waliiita haipo, kwa kulifuata jina lake la Kiingereza. Utotoni nilisimama nje ya studio moja nikamsikia fundi akiuliza, “Haipo ipo?” na mwenzake aliyekuwa gizani akajibu, “Haipo haipo.” Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, na bado sijapata sentensi iliyonifurahisha kuliko ile.

Sasa nifike kwenye sababu yenyewe ya kuzipenda kamera hizi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Japani walishirikiana na serikali yetu katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987. Maji ya Rau na Njoro yaliingizwa katika mifereji ya saruji, na nyika ya migunga ikawa majaruba ya mpunga. Baba yangu alikuwa kibarua wa mifereji hiyo. Fundi mmoja mgeni alimpiga picha amesimama juu ya ukingo, na kabla ya kurudi kwao alimpa picha moja ndogo pamoja na kipande cha nega. Picha ililiwa na mchwa. Nega ilikaa ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na kadi za kliniki na risiti za ushirika, mpaka baba alipofariki dunia nasi tukaupekua mkebe. Picha za uzee wake zipo, zile za vitambulisho, ambazo kila mtu hutazama kama aliyekamatwa. Ya ujana wake ni hiyo moja tu.

Niliipima nega kwa rula nikapata milimita 10 kwa 14. Nikaanza kusoma habari za kamera ndogo, nikitafuta tu chombo kilichomtazama baba siku ile, na katika kusoma huko nikanaswa.

Katika nega ile baba hatimizi milimita 9, kutoka kofia mpaka viatu. Punje ya mpunga usiokobolewa ikilazwa juu yake humfunika karibu wote. Uso wake una urefu wa milimita moja na kidogo. Nilipoikuza picha mara 10, kila aliyemjua alimtambua mara moja: kwa bega la kulia lililoshuka, kwa koleo aliloliegemea kama bakora, kwa namna upande wa kushoto wa uso ulivyokunjamana. Jicho lake la kushoto lilichomwa na mwiba wa mgunga alipokuwa mtoto wa kuchunga, likafa. Nilipoikuza mara 50, baba alitoweka. Picha ya mkanda hufanywa kwa chembe za fedha zilizotawanyika. Ukisimama mbali zinakuwa mtu, ukisogea mno zinabaki chembe. Nilijaribu karatasi nyingine, dawa nyingine, mashine ya kukuzia ya rafiki. Nega ilikuwa imekwisha kusema yote iliyoyajua.

Ndugu zangu lakini walitaka picha kubwa ya sebuleni, na matakwa yao yalikuwa ya haki. Mdogo wangu aliipeleka mjini kwa kijana mwenye kompyuta, na programu ya akili mnemba ikaimaliza kazi kwa dakika chache. Kilichorudi kilikuwa na upana wa mlango wa kabati. Nilimwona mwanamume mzuri wa makamo, mwenye nyusi zilizohesabika unywele kwa unywele, ngozi safi, na macho mawili maangavu yakinitazama. Programu ya namna hiyo haimkuzi mtu aliyemo ndani ya nega. Imefunzwa kwa nyuso za watu wasiohesabika, na mahali ambapo chembe zimenyamaza yenyewe husema, kwa kuweka kile ambacho watu wengi wanacho. Watu wengi wana macho mawili.

Nilikusudia kuyaeleza hayo mbele ya jamaa wote, na kwa tabia ya kazi yangu nilikuwa nimekwisha kuyapanga kwa hoja. Mama aliitwaa picha kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu.

“Wamemrudishia jicho lake,” akasema.

Nikamwambia, “Mama, hilo si jicho lake. Mashine imelibuni.”

“Najua, mwanangu. Aliyeishi naye ni mimi. Itundike.”

Niliitundika. Nyuma yake niliandika kwa penseli kwamba imetengenezwa kwa programu kutokana na nega ya miaka ya 1980, na kwamba marehemu alikuwa na jicho moja, ili wajukuu wakiishusha siku moja wasije wakarithi baba wa kubuni pasipo kuambiwa. Maoni yangu hayajageuka: kile kilichomo sebuleni si picha iliyopigwa, ni mchoro wa mtu asiyepata kumwona. Lakini kila jioni nasikia mama akikisalimu akipita kwenda kufunga madirisha, na hoja zangu zote hazijanifundisha nimwambie nini. Picha yangu, ya sentimita 10 kwa 14, iko mezani kwangu. Wageni huipita bila kuiona.

Msimu huu wa mavuno nilimwomba mama asimame juu ya ukingo ule ule, nikatoa Minolta. Akauliza kama hicho ndicho kilichompiga baba. Nikamjibu kwamba ni ndugu yake, tumbo moja. Akataka kujua yeye atakuwa na ukubwa gani humo ndani, nikamwonyesha punje iliyokuwa imenasa kwenye khanga yake. Akaitazama, akaitupa kwa kuku.

“Basi na mimi usinikuze sana,” akasema.

Katika mkanda ule zimebaki picha saba. Zikiisha nitangoja mwezi wa Juni, maji ya mtungi yapoe sawasawa, ndipo niusafishe.