Kupenda inchi siyo kujiona bora



Mara mingi, wakati wa mapumziko, nasikia wenzangu wanasema: « Sisi tunapita watu wa inchi zote. Tuko na shaba, almasi, zahabu, na muto mukubwa. » Kupenda inchi ni vizuri. Lakini shaba siyo sisi tuliiumba. Mutu ashukuru juu ya zawadi, asijisifu nayo.

Tuangalie historia yetu. Katika mwaka 1971, Mobutu alibadilisha jina la inchi kuwa Zaire, ili turudilie mambo ya wakubwa wetu. Lakini jina lile lenyewe lilitoka katika kinywa cha Waportugali wa zamani, walioshindwa kusema vizuri neno la kikongo la muto!

Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, alitangaza kwamba magazini na mashamba makubwa ya wageni yatakuwa mali ya wenyeji. Wagiriki, Waportugali na Wahindi wakanyanganywa kazi zao. Wengi waliozipewa walikuwa watu wa siasa ao rafiki zao, siyo wafanya biashara. Wengine waliuza vitu vyote, wakakula feza, hawakuagiza vingine. Vitu vikakosekana, bei ikapanda. Katika 1974 bei ya shaba nayo ilianguka, taabu ikazidi. Katika 1976 serikali ikaita wenye mali wa zamani warudi.

Kosa lilikuwa wapi? Kutaka mali ya inchi iwe ya wenyeji haikuwa mubaya. Ubaya ni kwamba kiburi kilifunga masikio. Kama umeisha kuamini kwamba unapita wote, utauliza nani akufundishe kazi? Na mutu aliyesema « hapa tunakosea » alihesabiwa adui wa inchi, kumbe yeye ndiye aliyeipenda.

Hata Mufarisayo wa Luka 18 hakusema uongo: alifunga kweli, alitoa zaka kweli. Lakini alizarau mwenzake aliyesimama mbali. Nasi, wakati tunacheka mwanafunzi wa inchi jirani juu ya namna yake ya kusema, tuko upande gani?

Mimi naona mupenda inchi ni yule anayejifunza kazi vizuri na kusema kweli hata ikiuma. Mwenye wazo ingine aandike, tutasoma katika gazeti itakayofuata.