Msikilaumu kile kisahani cha darini

Wasee, leo tuongee kuhusu kile kisahani cheupe kwenye dari ya hosteli. WiFi ikikwama, kila mtu anakiangalia kwa hasira kama kimekula kodi yake. Mimi nasema kinaonewa. Kinaitwa aksesi pointi, na kwenye majengo makubwa mara nyingi hakijiamulii kitu. Bosi wake ni kontrola. Sasa swali ni, hiyo kontrola ameishika nani?

Rauta ya nyumbani hujipanga yenyewe. Lakini hosteli yenye visahani 40, nani atapanda ngazi mara 40 kubadilisha paswadi? Ndiyo maana vyote huunganishwa na kontrola moja. Inaweza kuwa mashine kwenye chumba cha seva, ama programu iliyo mbali huko kwenye intaneti. Kisahani kikipata stima kinaitafuta, kinajitambulisha, halafu kinapewa maagizo: jina la mtandao, paswadi, chaneli, nguvu ya mawimbi. Ni kama matatu za sacco. Dereva ndiye unayemwona barabarani, lakini ruti inapangwa ofisini. Tofauti ni kwamba kisahani hakipandishi nauli mvua ikinyesha.

Na kusema ukweli, huu mpango una akili. Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, chaneli ambazo kwa kawaida hazigongani ni 3 tu: 1, 6 na 11. Visahani vya jirani vikitumia moja, ni kelele kama stage ya Ambassadeur saa kumi na mbili jioni. Kontrola inaona jengo lote, kwa hivyo inavigawia chaneli na hata kuvipunguza nguvu. Ndiyo, kupunguza. Kisahani kinachopiga kelele sana kinasumbua wenzake.

Shida inaanza kontrola ikizima. Kuna mifumo ambapo data yako yote hupitia kwake kwanza, na ikianguka, jengo zima linaanguka nayo. Kuna mingine ambapo visahani huendelea kuhudumia watu, ila hakuna anayeweza kubadilisha mipangilio. Hosteli moja niliyokaa ilikuwa ya aina ya kwanza. Neti ilipotea wiki ya CAT, fundi akabadilisha visahani orofa nzima, na hakuna kilichosaidia. Kumbe mwenye paswadi ya kontrola alikuwa ameacha kazi. Sisi tulikuwa tumelipia WiFi ndani ya kodi, na bado tukanunua bando.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaliongelei. Kontrola inajua simu gani imeshika kisahani gani, na saa ngapi. Meseji zako za WhatsApp haizisomi, lakini inaweza kuonyesha kwamba saa tano usiku ulikuwa orofa ya nne. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, zinaweza kuficha anwani yao halisi. Lakini ukiingia kwa namba yako ya usajili, umeshajitaja mwenyewe.

Sisemi kontrola zing'olewe. Nasema anayeishika awe na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika vipi, na haki ya kuiona. Kwa hivyo kabla hujalipa deposit ya hosteli inayojigamba na WiFi, uliza mambo matatu. Kontrola ikizima, neti inabaki? Nani ana paswadi yake, na akiondoka nani anabaki nayo? Rekodi za nani alikuwa wapi zinawekwa kwa muda gani?

Wakikujibu kwa kukuonyesha kisahani cha darini, buda, endelea kutafuta keja.