Kamba ya Mita Thelathini

Kwa miaka kumi na saba nilichimba visima Kisangani bila kuuliza hata mara moja choo kiko wapi. Mwenye paseli, yaani kiwanja, alinionyesha mahali, mara nyingi karibu na jiko ili mama asisumbuke, nami nikavua shati nikaanza. Maji yalipofika kwenye kifundo cha mguu, baridi, meupe, nilichota kwa kiganja nikanywa mbele ya wenye nyumba, nao wakapiga makofi. Niliona nawapa uhai, hasa siku zile umeme unapokatika na bomba likakauka mtaa mzima.

Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka hapa mjini, kikateremka na mto Kongo bandari kwa bandari mpaka Kinshasa, kilomita 1,734 kwa maji. Mitaani kwetu lawama zote tuliutupia mto. Tuliwakataza watoto kuoga huko, tukawapa maji ya kisima. Nyumba moja niliyoichimbia, watoto wawili walilazwa. Niliwapelekea bidoni ya lita 20 kutoka kisima changu mwenyewe, kwa moyo safi kabisa. Kisima hicho kilikuwa hatua kumi na moja kutoka chooni kwangu.

Aliyenifungua macho ni kijana aliyepanga chumba kwangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Binti yangu alikuwa ameugua homa ya matumbo mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Jioni moja kijana akaniambia kwa heshima, “Papa, ukiniruhusu, nitamwaga chumvi chooni.” Nilidhani ni dawa. Akakoroga kilo 25 katika maji, akayamwaga shimoni. Tangu siku hiyo tuliteka maji ya kunywa kwa jirani, na kila asubuhi yeye alishusha chupa kisimani, akachovya kipimo kidogo chenye namba. Chumvi ikiingia majini, alisema, umeme unapita kwa urahisi zaidi na namba inapanda.

Ilikuwa Novemba, mvua inapiga kila alasiri. Siku tatu namba haikusogea. Ya nne ikapanda. Ya sita ilikuwa imezidi mara mbili ya ile ya mwanzo. Nilishika kile kipimo kwa muda mrefu. Hatua chache kutoka pale binti yangu alikuwa ananawa uso, na maji yalikuwa ya kisima kile kile.

Kumbe pale chumvi ilipopita, vijidudu vya chooni navyo viliweza kupita njia hiyo hiyo. Kijana alinichorea chini kwa kijiti. Udongo huchuja uchafu maji yanapopita taratibu katika ardhi kavu. Vijidudu vingi hufia njiani. Lakini Kisangani hatuna kiangazi cha kweli. Choo unachokichimba Februari, chini kukavu, Novemba kinakuwa kimesimama ndani ya maji, kwa sababu maji ya ardhini yamepanda kukifuata. Na mvua za siku hizi zinakuja kwa fujo. Januari 2024 mto ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mafuriko ya 1961. Mto ukijaa hivyo, maji ya ardhini ya mabondeni nayo hupanda, na vyoo vya huko vinalowa kutokea chini.

Nilimkumbuka shemeji yangu aliyehamia Dar es Salaam. Aliwahi kunieleza kwamba tangu ukame wa 1997 watu kule walichimba visima kwa wingi, na vingine vya karibu na pwani vikageuka maji chumvi. Nilikuwa nikijisifu mbele yake kwamba sisi, tulio mbali na bahari, Mungu ametuepusha. Kijana akanifafanulia: maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari ardhini. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Ukivuta kupita kiasi, ile moja ikapungua, chumvi inapanda kwa kasi. Kule adui anapanda kutoka chini, kwetu anashuka kutoka chooni, na kote ni mkono wa mtu unaomfungulia mlango.

Kisima changu nilikifukia mwenyewe, mfinyanzi tabaka kwa tabaka, nikishindilia kwa gogo. Mke wangu alibeba bidoni miezi minne bila kulalamika. Kisha nikanunua kamba, nikaifunga fundo kila mita, mafundo thelathini. Sasa kabla ya kushika sururu natandaza kamba. Choo kikiwa ndani ya kamba, sichimbi. Choo kikiwa upande wa juu wa mteremko, naongeza umbali. Na kwa choo kipya nasisitiza chini yake pabaki mita moja na nusu ya udongo mkavu hata mvua ikijaa. Wateja wengi nimewapoteza. Paseli zetu ni ndogo. Kamba inavuka ua na kuingia kwa jirani, na jirani hataki kusikia habari ya choo chake.

Mwaka jana, komini ya Kabondo, mama mmoja alinifukuza. “Fundi, pesa ni yangu na paseli ni yangu!” Baada ya wiki mbili akanitumia mtu wa toleka, baiskeli ya abiria, anirudishe. Alikuwa amewakusanya majirani watatu, wakashika kamba wote, mmoja huku, mmoja kule, watoto wakihesabu mafundo kwa sauti. Tulizunguka asubuhi nzima. Pembe moja tu ndiyo iliyokubali, nyuma ya jiko la bibi mmoja mzee, na ilibidi abomoe banda lake la kuku. Alilibomoa siku ile ile. Maji tuliyapata kwenye mita ya tisa. Nilijenga mapete ya zege mpaka juu, nikaweka sakafu ya kumwaga maji nje na kifuniko cha chuma, na sikunywa mpaka tulipotia klorini. Familia nne zinateka hapo. Ufunguo wa kifuniko anautunza yule bibi.