Nilimwambia Alama Hazina Maana

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo sitaandika juu ya hifadhidata wala hitilafu yoyote ya tarakilishi. Mezani pangu pana fomu moja ambayo imekaa wiki mbili bila kujazwa, na nadhani sitaweza kuijaza kabla sijawasimulia kisa chake.

Fomu yenyewe ni ya mpango wa ulezi. Kampuni nyingi hapa Nairobi zina mpango kama huo: mfanyakazi anaunganishwa na mwanafunzi wa chuo kikuu, wanakutana mara moja kwa mwezi, mkubwa anamwelekeza mdogo, kisha mwishoni panakuwa na sherehe, vyeti na picha. Idara ya wafanyakazi inatafuta tena watu wa kujitolea. Mara ya kwanza nilijitolea mwaka wa 2018, na fomu ile niliijaza kwa dakika mbili tu. (Kampuni sitaitaja. Bado inanilipa mshahara.)

Nilipewa kijana wa mwaka wa nne na wa mwisho, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi. Kwao ni magharibi mwa nchi, mama yake anauza mboga sokoni. Tulikutana mara ya kwanza mwezi wa Februari, kwenye mkahawa ulio chini ya ofisi yetu huko Westlands. Nilimuuliza atakunywa nini, akasema maji tu. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba alikuwa amepanda matatu mbili kuja, na hakujua kama kahawa ile angelipa mwenyewe.

Alikuja na daftari. Kila nikisema jambo, yeye anaandika. Nakiri kwamba nilipenda sana, maana nyumbani kwangu hakuna mtu anayeandika ninachosema. Basi nikazungumza. Nilimweleza nilivyoanza kazi, kampuni nilizopitia, makosa niliyofanya. Na katika mkutano wa pili nikamwambia maneno ambayo huenda hata wewe, kama ni mwandishi wa programu, umewahi kumwambia mtu:

"Kijana, katika kazi hii alama hazina maana. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipata ngapi kwenye mtihani. Unda kitu. Onyesha watu ulichounda."

Akaandika. Akapigia mstari. "Sawa, mkubwa."

Na kweli akaunda. Mama yake alikuwa mweka hazina wa chama chao cha akina mama pale sokoni, na kila mwezi palizuka ugomvi juu ya nani amechanga na nani bado. Kijana akaandika programu ya kuweka hesabu za chama: mwanachama akichanga, anapata arafa kwenye simu yake, hata kama ni simu ya kubonyeza, na kila mmoja anaweza kuuliza salio lake kwa arafa. Msimbo ulikuwa safi. Nilimsaidia hapa na pale, lakini kazi ilikuwa yake. Oktoba, kwenye sherehe ya kufunga mpango, alisimama mbele ya wakurugenzi akaionyesha ikifanya kazi. Watu walipiga makofi. Nami nikapewa cheti cha mlezi bora. Bado kiko ukutani, nyuma ya mlango.

Novemba nikapigiwa simu na nambari nisiyoijua.

"Wewe ndiwe mwalimu wa mtoto wangu huko Nairobi?"

Nikasema, "Mimi si mwalimu, mama. Ninaandika programu. Habari yako?"

"Nzuri, mwalimu. Nilitaka kuuliza jambo moja tu. Mtoto anasema ulimwambia mtihani si kitu. Sasa jina lake halimo kwenye orodha ya watakaohitimu. Mwaka mwingine Nairobi, nani atalipa chumba?"

Hakunifokea. Angenifokea, ningejitetea. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei, akangoja jibu, na mimi sikuwa nalo.

Kijana alikuwa ameshindwa masomo mawili. Usiku alikuwa akiandika programu na asubuhi hakuamka kwenda darasani. Masomo hayo hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ilimbidi angoje mwaka mzima ayarudie. Na chuoni kwake, somo ukilifaulu kwa kurudia unapewa alama ya chini kabisa ya kupita, hata ukijibu kila swali sawasawa. Katika miezi tisa ya kukutana nami hakuwahi kuniambia hata neno moja juu ya masomo hayo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa adabu, "Mkubwa, hukuuliza."

Ni kweli. Nilipekua fomu za mpango, zile tulizojaza kila mwezi. Palikuwa na mahali pa kuandika "mada mliyojadili" na "malengo ya mwezi ujao". Nilikuwa nimeandika mengi. Lakini hapakuwa na swali hata moja la kunilazimisha nijue kijana huyu analala wapi, anakula nini, au mtihani wake ni lini. Hata hivyo, siwezi kuilaumu fomu. Mimi mwenyewe nina mdomo.

Alihitimu mwishoni mwa 2019, kwa daraja la pili la chini. Januari 2020 akaomba kazi kwetu, kwa kampuni ile ile iliyompigia makofi. Nilifurahi, nikangoja jina lake litokee kwenye orodha ya watakaohojiwa. Halikutokea. Nikaenda idara ya wafanyakazi kuuliza. Yule dada akatafuta, akaniambia hakuna ombi lolote lenye jina hilo.

Hapo tumbo likanikata, kwa sababu nilijua ombi lilienda wapi.

Mfumo wetu wa kupokea maombi ya kazi niliuandika mimi, mwaka wa 2014. Idara ilikuwa imelalamika kwamba maombi ni mengi mno, ikaomba wale wasiofikisha daraja la pili la juu wasionekane kabisa. Niliongeza sharti moja kwenye swali linalochota maombi kutoka kwenye hifadhidata. Mstari mmoja. Nikaujaribu, ukafanya kazi, nikaenda kula chakula cha mchana. Miaka minne baadaye nikaketi mkahawani, ghorofa chache chini ya mashine inayoendesha mstari ule, nikamwambia mtoto wa mwenzangu kwamba alama hazina maana.

Sikuwa namdanganya kwa makusudi. Kwangu mimi alama hazikuwa na maana, kwa sababu nilikuwa nimeshapita mlango. Aliyekwisha vuka mto husahau kina chake. Isitoshe, nilipokuwa chuoni karo yangu ililipwa na wazazi; kama ningeanguka, ningeangukia godoro. Yeye chini yake palikuwa na sakafu. Ushauri ulikuwa ule ule, lakini bei yake haikuwa moja.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Kuna mtafiti Mmarekani, Kathy Kram, aliyeandika kitabu kiitwacho Mentoring at Work mwaka wa 1985. Anaonyesha kwamba ulezi wa kazini una pande mbili. Upande mmoja ni wa kumjenga mtu moyo: kumsikiliza, kumkubali, kuwa mfano kwake, kuwa rafiki. Upande wa pili ni wa kumsogeza kikazi: kumpa kazi ngumu ya kweli, kumkinga, kumtambulisha kwa watu, kumtetea asipokuwepo. Nilijipima nikaona sikuwa nimefanya hata upande mmoja kikamilifu. Nilikuwa nimehutubu.

Nikakumbuka pia Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka wa 2005. Huko mwanafunzi aliunganishwa na mtu anayetunza mradi wa programu huria, akalipwa posho, na kati yao palikuwa na msimbo halisi wa kuandika na kusahihisha. (Tangu 2022 mpango huo haupokei wanafunzi peke yao.) Nadhani nguvu yake iko hapo: mlezi hana nafasi ya kuhutubu sana, maana kazi iko mezani na inamwonyesha haraka mwenziwe amekwama wapi. Nasi hapa Kenya tunao KamiLimu, ulioanzishwa mwaka wa 2016 na Dkt. Chao Mbogho kwa ajili ya wanafunzi wa tarakilishi. Unaendeshwa kwa miezi kadhaa kwa utaratibu maalumu, haukuachwa kwa bahati ya mlezi mmoja mwenye maneno mengi.

Mtauliza kijana yuko wapi. Leo anaandika programu katika Sacco moja, na walimchukua baada ya kuiona ile programu ya chama. Kuna mtu ofisini aliyeniambia, "Unaona? Ushauri wako ulikuwa sahihi." Hapana. Programu ile ilikuwapo tangu 2018 na hakuna aliyeifungua. Walioifungua waliifungua kwa sababu nilimpigia simu mtu niliyesoma naye anayefanya kazi pale, nikamwambia, "Mtazame huyu, nami nasimama nyuma yake." Simu ile ilichukua dakika nne. Dakika nne hizo zilifanya kazi kuliko miezi tisa ya hotuba zangu, na hazikuwahi kuandikwa kwenye fomu yoyote.

Na ule mstari? Nilirudi idara ya wafanyakazi mara nyingi kuliko walivyopenda. Walikubali hatimaye kwamba maombi yote yaonekane, na alama ziwe jambo moja kati ya mengi ya kutazama. Niliufuta mwenyewe, Juni 2020. Sijui ulikuwa umeficha majina mangapi kwa miaka sita. Hilo mfumo haukuweka kumbukumbu, kwa sababu sikuuandikia uweke.

Basi, kwa wenzangu mnaofikiria kuwa walezi, haya ndiyo ninayoyajua sasa:

1. Mkutano wa kwanza, uliza tu. Mtihani ni lini, nauli ni ngapi, nani analipa karo. Ushauri ungoje.

2. Kahawa ni juu yako, na mwambie hivyo kabla hamjaketi. Afadhali zaidi, mfuate wewe karibu na chuo.

3. Kabla hujamwambia jinsi ya kupata kazi, nenda uone kampuni yako inavyoajiri leo, si ilivyokuajiri wewe.

4. Akiandika kila unachosema, ogopa.

5. Weka jina lako rehani kwa ajili yake angalau mara moja.

Nimeijaza fomu, kalamu bado iko mkononi. Walipouliza "mada utakazomfundisha mwanafunzi", nimeandika kwamba nitajua tukishakutana. Idara haitapenda, lakini wamenizoea.

Haya, kazi inaita. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda, na nitarudi kwenye hifadhidata.