Nyumba au Mtego

Pugi wa kwanza aligonga saa moja na nusu asubuhi, siku ya tatu tangu mama ahamie. Nilidhani mtoto karusha embe. Kutoka nje nikamkuta chini ya dirisha la sebule, shingo imelala upande, na juu kwenye kioo kaacha picha yake ya vumbi: mbawa zote mbili, kifua, hata manyoya ya pembeni.

Nyumba hiyo niliijenga miaka sita, hapa hapa Ifakara, kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi. Madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya bluu vinavyong'aa ndiyo yaliyomaliza hela, na ndiyo niliyojivunia. Ukisimama uani unauona mwembe wote ndani ya kioo, na anga nyuma yake. Sikuwaza kwamba ndege naye anauona hivyo hivyo, na kwake ni njia.

Mwezi ulipoisha walikuwa wamefika saba. Mama aliwazika mwenyewe, nyuma ya jiko.

"Mama, si ndege hawa hawa tulikuwa tunawaamia shambani?" nikamwambia. Utotoni, mpunga ukianza kukomaa, nilishinda juu ya dungu nikipiga debe na kurusha kombeo ili kwelea wasitumalize. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Kule walikuwa wanatuona, wanakimbia. Hapa umenijengea nyumba au mtego?"

Akahamishia kiti chake jikoni. Sebule ya miaka sita nikabaki nayo mimi na televisheni.

Nikaanza kusoma. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2014 kwamba majengo ya nchi yao huua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka kwa kugongwa, vioo vikiwa ndiyo sababu kubwa. Nikabandika picha ya mwewe. Kesho yake tetere akagonga shibiri moja kutoka kwenye mdomo wa mwewe huyo! Pazia nalo halikufaa kitu, maana mng'ao uko nje. Kinachosaidia ni alama zilizoenea kioo chote, upande wa nje, zisiachane zaidi ya sentimita 5. Au wavu uliovutwa ukakaza mbele ya kioo, ndege akija umrudishe.

Wavu, jamani. Katika mji ambao utafiti wa malaria ndio umeupa jina duniani. Nyumba yetu ya zamani, ya tofali za udongo, ilikuwa na wavu wa mbu umepigiliwa nje ya fremu. Kwenye hii mpya fundi alitaka kuuweka nje vile vile. Mimi ndiye niliyekataa. Uwe ndani, nikasema, usifiche vioo.

Jumamosi nikanunua wavu na papi, nikapigilia dirisha moja baada ya jingine. Bluu yote ikafa, ikawa kijivu. Iliniuma, sitasema uongo.

Sasa ni wiki ya tano, hajagonga hata mmoja. Mama karudisha kiti sebuleni. Alama ya yule pugi bado ipo, nyuma ya wavu, kanikataza kuifuta. Juzi jirani kapita, kauliza kwa nini tumefunika vioo vizuri namna ile. Mama akamjibu bila hata kugeuka:

"Mbu."