Faili Lilipohamia Kwenye Mfumo

Nilipokuwa daktari tarajali, asubuhi ilianza kwa kusaka mafaili. Raundi ya daktari bingwa haimsubiri mtu, kwa hiyo tuliwahi wodini, tukayakusanya mezani kwa wauguzi, na lililokosekana tukalifuata masijala. Faili la mgonjwa wa kisukari aliyelazwa mara kwa mara lilikuwa nene, limefungwa kamba, majibu ya maabara yamebanwa kwa pini na mengine yameshachanika.

Hata hivyo, faili lilikuwa na mpangilio wake. Ukilifungua, ulikutana kwanza na maelezo ya siku ya kulazwa: mgonjwa analalamika nini, tangu lini, amekutwa na nini. Ndipo ukasonga siku hadi siku. Na sisi tuliandika kwa utaratibu uliotokana na kazi ya daktari wa Marekani, Lawrence Weed, miaka ya 1960: anachosema mgonjwa, kilichoonekana na kupimwa, tathmini, kisha mpango. Ushahidi ulitangulia hukumu.

Kisha ukaja mfumo wa kompyuta. Hospitali nyingi za umma Tanzania zikaanza kutumia GoTHOMIS, nyingine zikachukua mifumo tofauti. Sitamani kurudi nyuma. Leo majibu ya kreatinini yanaonekana wodini mara tu maabara inapoyaingiza, na dozi inasomeka bila kubahatisha mwandiko.

Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Mara nyingi tarajali mwenye wodi iliyojaa hufungua maandishi ya mwisho, akakutana na jina la ugonjwa kabla hajakutana na dalili. Akishasoma "nimonia", kikohozi ni cha nimonia, na kupumua kwa shida ni kwa nimonia. Maandishi ya jana yananakiliwa, na kosa la mmoja linageuka kauli ya wote.

Namkumbuka mama mmoja aliyetibiwa nimonia bila kupata nafuu. Tarajali aliyepokea zamu aliacha maandishi ya mwisho, akafungua kwanza chati ya joto na mapigo ya moyo. Joto lilikuwa la kawaida tangu siku ya kwanza, mapigo yalikwenda mbio. Akarudi kwenye maelezo ya kulazwa, akakuta mstari mmoja: mguu wa kushoto umevimba. Akaenda kitandani, akafunua shuka. Mguu ulikuwa bado umevimba. Ultrasaundi ikaonyesha damu iliyoganda mguuni, na matibabu yakabadilishwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nawafundisha tarajali wangu hivi: anza na chati, fuata majibu ya maabara na dawa anazopewa, soma maelezo ya kulazwa, kamwone mgonjwa, maoni ya mwenzako yasome mwisho. Mfumo unakuruhusu kuanzia popote. Nawaomba wanaofundisha wodini wasimwachie kijana achague mahali pa kuanzia peke yake, kwa sababu anapoanzia ndipo mawazo yake yanapoelekea.